Mashine Isiyo na Pua

Mimi ni mtu wa kinyaa. Afadhali niseme mapema, kwa sababu kazi niliyosomea haimtaki mtu wa namna hiyo. Mimi ni afisa afya wa kata. Miaka yote hii nimelipwa mshahara ili nichungulie matundu ya vyoo vya shule, nipekue matumbo kwenye mabucha, niinamie visima vilivyotumbukiwa na kuku. Na bado nikikuta unywele mmoja kwenye wali, sahani nzima naisukuma na siku hiyo sili tena. Chuoni wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Nilidhani kitaisha kwa mazoea. Hakikuisha.

Kwetu ni Kondoa. Huko maji unayafukua kwenye mchanga wa korongo, halafu unachuchumaa unangoja yajikusanye, kikombe kimoja, kingine, mpaka ndoo ijae na mgongo ukatike. Kwa hiyo nilipopangiwa Mbinga, upande wa Mkumbi, nikapata chumba kwa mama mmoja wa Kimatengo, na yule mama akanipeleka nyuma ya migomba yake kunionyesha chemchemi, nilichuchumaa nikatia mikono yote miwili. Maji yalikuwa yanatoka yenyewe chini ya jiwe, ya baridi, maangavu, hayangoji mtu. Kitongoji kizima kilichota hapo. Asiyechota hapo alikuwa na njia moja tu, kushuka mtoni, saa nzima ya mteremko na zaidi ya saa ya kupanda na ndoo kichwani.

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane, Mkatoliki wa kuamka na rozari mkononi, na goti lake la kulia lilikuwa bovu. Alipojua mimi ni Mwislamu hakuniuliza mengi. Aliuliza tu maji ya udhu yanatakiwa yaweje. Nikamweleza kama tulivyofundishwa madrasa, kwamba yawe safi, yasiwe yamebadilika rangi wala harufu wala ladha.

Akacheka. "Basi hayo ndiyo yetu, mwanangu."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri nikifungua mlango nilikuta birika la plastiki limejaa, na nyayo zake zimelowa kwenye udongo, moja imekanyaga sawasawa na nyingine imeburutwa. Nilimkataza. Hakukatazika.

Juu ya chemchemi, mwendo wa dakika kumi ukipanda, kuna kiwanda cha kumenya kahawa cha kikundi cha wakulima. Ukisikia kiwanda usifikirie mabomba na moshi. Ni banda la bati, mashine moja, matangi ya saruji na meza ndefu za kuanikia. Kuanzia mwezi wa sita wakulima wanaleta kahawa mbivu, nyekundu, unaweza kuinyonya kama tunda. Mashine inatema punje upande huu na maganda upande ule. Punje zina ute, zinavundikwa, zinaoshwa, zinaanikwa, zinaondoka kwenda kunywewa na watu wasiotujua. Maganda na yale maji ya kuoshea tunabaki nayo sisi.

Siku ya kwanza maganda yananukia vizuri tu, kama togwa. Siku ya tatu yamekuwa siki. Baada ya wiki sijui niseme ni nini. Yanageuka uji mweusi unaotoa povu, vinzi vidogo vinakuingia mdomoni ukifungua kusema habari za kazi, na maji yanayotoka humo yana rangi ya kutu na utando juu, mnene, unaotetemeka. Lundo likikaa linafanya gamba, unadhani ni ardhi. Nililikanyaga mara moja. Mguu ulizama mpaka kwenye kigimbi, humo ndani ni uvuguvugu, na kitu fulani kilikuwa kinacheza kwenye vidole vyangu. Kiatu nilikiacha humo humo. Nilirudi nyumbani nikichechemea na kiatu kimoja, nikatapika mara mbili njiani, na kijiji kizima kikapata cha kuongea mpaka Krismasi.

Sasa, kila wiki ya msimu nilitakiwa kusaini fomu ya ukaguzi, kwamba shimo la maji machafu halijafurika na uchafu hauelekei kwenye chanzo cha maji. Bila sahihi yangu mizani ya kupokelea kahawa haifunguliwi. Na kahawa mbivu haina subira, ikilala siku mbili kwenye gunia imekwisha. Mwaka wangu wa kwanza nilinusa uvundo mkali pale kiwandani, uvundo wa kitu kilichokufa, nikaamini shimo limepasuka, nikafunga kiwanda siku mbili. Wakulima wakarudi na magunia yao. Mwishowe wakabomoa sakafu ya stoo wakamkuta panya buku, amevimba, ameoza. Mwenyekiti wa kikundi, mzee mmoja mcheshi mwenye sauti nene, alimbeba kwa mkia mpaka mlangoni kwangu. Kuanzia hapo, kila nikikunja pua, aliniuliza mbele za watu, "Bibi Afya, ni panya buku tena?" Watu waliokosa mavuno ya siku mbili kwa ajili ya pua yangu walikuwa na haki ya kucheka, nami nilicheka nao. Ila nilianza kuiogopa pua yangu mwenyewe.

Ndipo akaja mtaalamu. Alitoka kwenye kampuni changa ya Dar es Salaam, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kishikwambi kikubwa na raba nyeupe ambazo nilizionea huruma. Aliitisha mkutano akatueleza. Kamera zitakaa juu ya nguzo, vijiti vya kupima joto vitachomekwa kwenye maganda, na picha na vipimo vyote vitaingia kwenye programu ya akili mnemba iliyokwisha onyeshwa taka za viwanda vya nchi nyingi. Yenyewe itaangalia na kusema leo changanyeni maganda na ndizi zilizooza, leo geuzeni, leo mwagieni maji. Maganda yatalishwa funza. Funza wakinenepa watakaushwa, watauzwa kuwa chakula cha kuku. Mabaki yatatandazwa shambani mwa kiwanda na kuwa mbolea, na maji machafu yatatumika kuyalowesha. Hakuna kitakachotupwa.

"Kwa hiyo mashine itatufundisha kuoza?" mwenyekiti akauliza.

Mama mwenye nyumba naye alikuwepo. "Maganda yetu yanaoza yenyewe," akasema. "Hayajawahi kushindwa."

Watu wakacheka, na mtaalamu akacheka, na mradi ukapita.

Nisiwe mnafiki, ulifanya kazi. Banda la funza lilijengwa nyuma ya kiwanda, na mle ndani sikuweza kukaa zaidi ya pumzi moja. Trei kwa trei, maelfu ya miili minene yenye rangi ya usaha ikipandana, ikila. Walikuwa na mlio. Ukinyamaza ulisikia kama mafuta yanayochemka taratibu kwenye kikaango. Mtaalamu aliingiza mkono mtupu, akachota kiganja kizima akaninyooshea, akisema tazama afya yao. Nilitoka nje nikashika ukuta. Lakini yale malundo ya zamani, yale yaliyonilia kiatu, yaliisha. Magunia ya funza wakavu yalipakiwa kuteremshwa Mbamba Bay ziwani, ambako wafuga kuku walikuwa wanasaga usipa, dagaa wetu wa ziwani, kuwapa kuku. Nilitumwa huko kukagua stoo. Mchana wakaniletea chipsi mayai, manjano, zinang'aa mafuta. Nikauliza mayai ni ya kuku wa nani. Wakanijibu kwa fahari, wale wanaokula funza wenu. Nikanywa soda. Hata hivyo nilipopita ufukweni nikaona usipa sasa umeanikwa mchangani uliwe na watu, nikajisemea kwamba mimi na tumbo langu tunaweza kwenda zetu, jambo hili ni jema.

Kosa lilianzia kwenye mbolea, na lilikuwa kosa la watu wema.

Mtaalamu aliagiza mabaki yatandazwe matuta marefu, wazi, ili kamera iyaone. Kisha akatuachia kishikwambi kimoja cha kutazamia, akarudi Dar. Kazi ikaachiwa wakulima, na Wamatengo wana namna yao ya kufanya kazi kwenye mteremko, waliyoikuta kwa babu zao. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba, kama wavu. Wanawake wanafuata na majembe, wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunikia yale majani. Ukimaliza, kilima chote kimekuwa mashimo mashimo yaliyopakana, kila shimo na kingo zake, majani yanaozea ndani ya kingo na kuwa mbolea. Hiyo ndiyo ngoro. Kazi ya ngoro ni kuyashika maji ya mvua yasikimbie na udongo. Yanatulia shimoni, yanazama taratibu.

Wale wanawake hawakuweza kuacha uozo ule wazi. Ilikuwa aibu, ungedhani mtu ameacha choo bila mlango. Wakawaambia waume zao walaze majani, wakaweka mabaki ya maganda juu ya majani, wakafunika kwa udongo vizuri, wakapigapiga na majembe. Ngoro safi kabisa. Nzi wakaisha. Harufu ikapungua. Mimi nilisimama pale juu na kuwasifia, na maneno niliyotumia nayakumbuka. Nilisema, sasa hapa pana ustaarabu.

Kamera juu ya nguzo ikatazama chini ikaona udongo mkavu wa kiangazi. Mashine ikasema pakavu, mwagieni. Wakamwagia maji ya kuoshea kahawa, yakaingia mashimoni, yakazama. Kesho yake jua limekausha juu, mashine ikasema pakavu, mwagieni zaidi. Wakamwagia. Na lile shimo la maji machafu lililokuwa linafurika kila msimu likabaki tupu, unaona sakafu yake. Mwenyekiti aliniita nije nione. Tulifurahi, wote tulifurahi. Kwenye kishikwambi kila alama ilikuwa kijani. Hakuna aliyeuliza yale maji yote yamekwenda wapi, na mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kuuliza.

Asubuhi moja mwezi wa saba nilikuwa natawadha. Niliposukutua nikahisi kitu kwenye ulimi, ukali wa siki, na nyuma ya ukali utelezi. Nikatema. Nikanusa birika. Nilikijua kile kitu, ni yale maji ya maganda. Ningekijua hata nikiwa usingizini. Nikayamwaga maji kwenye migomba, nikaingia ndani, nikachukua maji ya chupa niliyonunua Mbinga mjini, nikatawadhia hayo, nikasali. Saa nne nikapanda kiwandani, nikatazama kishikwambi, kijani tupu, nikasikia kichwani sauti nene ikiniuliza kama ni panya buku tena, nikasaini fomu.

Naomba msomaji asipite haraka hapo. Maji ambayo sikuyaona yanafaa kuoshea miguu yangu, kwa sahihi yangu nilisema yanafaa watu kunywa. Nilifanya hivyo wiki tatu. Kila asubuhi nilimwaga birika kwenye migomba, na kila asubuhi nilitawadhia maji ya chupa. Nimeona mengi ya kutapisha katika kazi hii lakini sijaona lililonitapisha kama hilo.

Katika wiki ya pili mama mwenye nyumba alinijia na kikombe cha bati. "Mwanangu, nusa hapa."

Nikanusa. "Ni kikombe, Mama. Kilikaa na kahawa."

"Kikombe changu?" Alikuwa mtu wa kusugua vikombe kwa jivu mpaka unajiona sura. "Nimechota sasa hivi."

"Mashine inaonyesha shimo ni kavu kabisa. Hakuna maji machafu yanayotoka."

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. "Hiyo mashine inakunywa hapa?"

Nikajifanya nina haraka. Yeye akanywa maji yale, kwa sababu Bibi Afya amesema.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane zahanati ilianza kupokea watu wenye tumbo la kukata, kizunguzungu, wengine ngozi inawawasha. Mganga alinionyesha daftari akasema jambo la ajabu, hawa wote ni wa kitongoji chako. Jioni hiyo hiyo nilikuta jikoni kwetu hakuna moto. Mama mwenye nyumba alikuwa amelala kwa ubavu, chumba kinanuka matapishi, midomo imemkauka. Alikuwa anaharisha tangu usiku wa juzi na hakuniambia. Nilimkorogea maji ya chumvi na sukari kwa maji yangu ya chupa. Alikunywa kidogo kidogo, akapumzika, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia sufuria.

"Nilikuona unamwaga birika."

Nilijaza kikombe tena.

"Nikasema labda ni mambo ya dini yenu. Labda nakosea kujaza, labda kuna namna. Nikaona niwe nawahi, niyachote kabla watu hawajafika kuyachafua. Siku hizi natoka kabla ya jogoo. Bado ukawa unamwaga."

Alisema hivyo bila kunilaumu. Alikuwa anaomba radhi. Mwanamke yule, na goti lile, alikuwa anatangulia gizani kwenda kunichotea maji masafi zaidi, na mimi nilikuwa nayamwaga kwenye migomba yake na kwenda kusaini fomu. Nilitoka nje nikatapika, na safari hii hapakuwa na harufu yoyote ya kusingizia.

Kulipokucha nilikwenda chemchemi. Sikuwa nimeenda muda mrefu, na najua kwa nini. Maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Kwenye jiwe, pale yanapotokea, kulikuwa na nywelenywele za kijivu zimejishika, zinapepea taratibu. Niliingiza kidole. Ziliteleza kama makamasi. Nikapanda kiwandani nikamwambia mwenyekiti naifunga mizani, na kama anataka kuniletea panya buku mwingine alete. Hakunitania. Aliingiza kidole chake kwenye chupa niliyomletea, akanusa, akakaa chini kwenye magunia.

"Mimi binti yangu mjamzito anakunywa hapo," akasema.

Mtaalamu alifika baada ya siku mbili. Alizunguka na kishikwambi chake, alama zote za kijani, haelewi kitu, mpaka mwanamke mmoja alipochukua jembe akapasua ukingo mmoja wa ngoro. Ndani palikuwa pameloa chapachapa, peusi, panatoa mapovu, na uvundo uliotoka ulituondoa wote hatua tano nyuma.

"Kwa nini mlifunika?" mtaalamu akauliza.

"Kwenu mnaacha wazi?" yule mwanamke akamjibu.

Ndipo akaelewa. Mashine yake haikuwahi kuona ngoro. Ilionyeshwa taka za nchi nyingi, lakini hakuna aliyewahi kuionyesha kwamba kuna watu duniani ambao ukiwapa uozo watautandika kwa miraba na kuufunika kwa udongo, mahali palipochimbwa makusudi ili maji yazame. Na mtaalamu, Mungu amsamehe, uso wake uling'aa. Akaanza kupiga picha, juu, ubavuni, akachutama na raba zake nyeupe kwenye yale matope. "Hii ni data nzuri sana," akawa anarudia. "Hatukuwa nayo hii." Yule mwanamke mwenye jembe alimtazama akipiga picha, kisha akageuka akatema mate. Ningependa kusema nilimkemea mtaalamu. Lakini kukemea kunahitaji mtu asiye na doa, na yeye alau hakuwa amenusa.

Niliwaandikia wakubwa wangu barua nikaeleza kila kitu, hata birika. Nilipewa onyo nikaachwa kwenye kituo kile kile. Sidhani walijua hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Mama mwenye nyumba alipona, amepungua, khanga inamzunguka mara mbili. Chemchemi ilizungushiwa miiba. Na kitongoji kizima kikaanza kushuka mtoni. Kuanzia hapo birika halikuwepo mlangoni, na sikulitegemea. Nilinunua madumu nikawa nashuka na mimi, nambebea na yeye, siku ninazoweza. Siku za kazi alishuka mwenyewe. Nilikuwa nikimwona kutoka ofisini, kule chini kwenye mteremko, anasimama, anashika goti, anaendelea.

Mvua za masika zilisafisha kilima. Kampuni ilirudi, ikatandika turubai nene chini ya matuta, ikajenga matangi ya kuchuja maji yale hatua kwa hatua, ikaifundisha mashine ngoro ni nini. Msimu uliofuata ilifanya kazi bila doa. Funza walinenepa, magunia yakashuka ziwani, mbolea ikaenda mashambani, na wakulima wa mpaka Namswea wakaja kuiomba. Nilipeleka maji ya chemchemi kupimwa mara tatu, miezi tofauti. Mara zote majibu yalirudi na mhuri, yanafaa kwa kunywa.

Ila watu hawakuyagusa. Miiba ilitolewa, jiwe likasuguliwa, na wanawake wakapita pembeni yake na ndoo zao kwenda mtoni. Mwenyekiti akaniambia hawawezi kuamini karatasi, walishawahi kuamini karatasi. "Uje unywe wewe," akasema. "Mbele yao. Ukinywa wewe watakunywa."

Niliona ni haki. Nilifurahi hata. Tulikusanyika Jumamosi asubuhi, kitongoji kizima, wanawake na ndoo tupu, mtaalamu na kishikwambi chake kilichoonyesha kijani, mganga wa zahanati, mimi na zile karatasi tatu. Nilisoma majibu. Nikasema nilichokifanya mwaka uliopita, kwa maneno yaliyonyooka, wakasikiliza. Mama mwenye nyumba alisogea, akainama kwa shida, akachota kwa kikombe chake cha bati, akanipa kwa mikono miwili.

Nilitazama ndani. Niliona chini ya kikombe, na uso wangu. Nikanusa. Hakukuwa na kitu, naapa, pua hii ambayo nimeisema vibaya ukurasa mzima haikupata kitu chochote ila ubaridi wa jiwe. Karatasi zilisema ni salama. Mashine ilisema ni salama. Mimi mwenyewe nilijua ni salama. Nikajaza mdomo.

Koo likagoma.

Nilisimama na maji yale mdomoni, mashavu yamejaa, nikijilazimisha. Macho yakanitoka machozi. Nilifikiria lile goti, nilifikiria mteremko, nikajisukuma, na tumbo likapanda juu kuyapokea maji njiani. Mama mwenye nyumba alikuwa hanitazami machoni. Alikuwa ananitazama kooni. Wote walikuwa wananitazama kooni. Nikageuka, nikatema.

Nilijaribu kueleza. Nilisema maji ni masafi, ni mimi tu, ni ugonjwa wangu wa tangu utotoni, mnanijua. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Mtaalamu alianza kusema kitu kuhusu vipimo. Mama mwenye nyumba akakitoa kikombe mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akakikung'uta, akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Basi, mwanangu," akasema. "Usijilazimishe."

Halafu akajitwika ndoo yake tupu akashika njia ya mtoni, na wanawake wengine wakamfuata.